Nani Aliyeongoza Msafara? Historia ya Utafiti wa Ndege katika Misitu Yetu

Utangulizi

Wahenga walisema: Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii husemwa zaidi mirathi inapogawanywa, lakini inafaa vile vile katika historia ya elimu. Mtu ambaye jina lake halikuandikwa huhesabiwa kuwa hakuwepo, na kazi aliyoifanya kwa jasho lake huandikiwa mwingine. Katika makala haya tunakusudia kulitazama tawi moja tu la elimu, nalo ni utafiti wa ndege katika misitu ya Afrika ya Mashariki, ili tuulize swali ambalo kwa muda mrefu halikuulizwa: ni nani hasa aliyeongoza utafiti huo, na ni nani anayestahili kuuongoza leo?

Huenda msomaji akastaajabu kuona habari za ndege katika kitabu cha utamaduni. Jibu letu ni kwamba utamaduni wa taifa si ngoma, mavazi na mashairi peke yake. Utamaduni ni pamoja na maarifa ambayo watu wameyakusanya juu ya nchi yao, wakayapa majina, wakayarithisha watoto wao. Mtoto aliyekaa juu ya dungu kuamia ndege katika shamba la mpunga amejifunza tabia za ndege kabla ya kujifunza kusoma. Mtegaji wa kwale anajua njia ndogo ambazo kwale hupita alfajiri. Mrina asali anajua mlio upi ni wa furaha ya ndege tu na upi ni wa mwito. Elimu hii ilikuwako kabla ya makumbusho kujengwa, na bila elimu hii makumbusho hayo yangekuwa na makabati matupu.

Elimu Iliyotangulia Maandishi

Hebu tuanze na mfano mmoja unaojulikana sana kwa warina asali. Yuko ndege mdogo ambaye wengine humwita mlembe. Ndege huyu hupenda nta, lakini hana nguvu ya kuvunja mzinga wa nyuki uliomo ndani ya mti. Kwa hiyo humwendea binadamu, akalialia mbele yake, akaruka kutoka mti hata mti, mpaka amfikishe penye nyuki. Binadamu huleta moto na shoka, akachukua asali. Ndege naye hujipatia nta inayobaki. Mmisionari Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala mwishoni mwa karne ya 16, alizisimulia habari hizi katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1609, naye aliona ndege huyo akiingia kanisani kudonoa mishumaa. Wenyeji wa Sofala bila shaka hawakuhitaji kuambiwa.

Miaka mingi ilipita kabla ya wanasayansi kuipima elimu hiyo kwa hesabu. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti waliofanya na warina asali wa Kiyao huko Niassa, kaskazini ya Msumbiji, ambao ni ndugu wa Wayao waliopo kusini ya nchi yetu. Wayao hao wana mwito wao maalumu wa kumwita ndege: mtetemo wa ulimi unaofuatwa na mguno mfupi, mwito ambao waliufunza na baba zao. Watafiti waliulinganisha mwito huo na sauti nyingine za kawaida. Ikaonekana kwamba mtu aliyetumia mwito wa jadi aliongezewa bahati ya kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi asilimia 66, na bahati ya kuona nyuki kutoka asilimia 16 hadi asilimia 54. Wahadzabe wa bonde la Eyasi nao humwita ndege yuyo huyo, lakini kwa mbinja.

Tunaona mambo mawili hapa. Kwanza, mwito wa jadi haukuwa ushirikina bali maarifa ya kweli, yaliyothibitika yalipopimwa. Pili, swali lenyewe la utafiti lilitoka kwa warina asali. Mwanasayansi alileta kipimo. Mwenyeji alikuwa amekwisha kuleta jambo la kupimwa. Mapatano ya namna hii ndiyo yaliyouzaa utafiti mwingi wa ndege katika nchi zetu, ingawa si mara zote yaliandikwa kwa haki.

Amani: Mkutubi na Watu Wake

Kituo cha Amani kipo katika milima ya Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Wajerumani walikianzisha mwaka 1902 kwa ajili ya uchunguzi wa mimea na kilimo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walikirithi, na mwaka 1928 akafika hapo Reginald Moreau, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1897. Moreau hakuwa mwanasayansi wa kusomea. Alikuwa mkaguzi wa hesabu, mwenye maradhi ya viungo, ambaye alianza kuwatazama ndege alipokuwa akifanya kazi Misri. Amani aliajiriwa kuwa mkutubi, na baadaye akawa mhariri wa jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki. Hata hivyo, kwa muda wa miaka 18 aliyokaa pale, yeye na mkewe Winifred waliifanya Amani ijulikane duniani kote kwa utafiti wa ndege.

Waliwezaje kufanya hivyo, naye Moreau ana kazi ya ofisi na mwili usiompa nafasi ya kupanda na kushuka milima kila siku? Jibu ni kwamba hawakuwa peke yao. Walikuwapo wenyeji waliofanya kazi hiyo pamoja nao, na anayejulikana zaidi miongoni mwao ni Salimu Asmani, mkusanyaji wa ndege ambaye jicho lake na sikio lake vilikuwa nguzo ya kazi yote. Wenyeji hawa ndio walioingia msituni, wakatafuta viota, wakaketi karibu navyo saa baada ya saa, wakihesabu mara ngapi mzazi wa ndege amekuja na amekaa juu ya mayai kwa muda gani. Hesabu hizo zilipelekwa kwa Moreau, naye akazipanga, akazilinganisha, akaziandika.

Wachunguzi wa Amani walimfuata, kwa mfano, hondohondo mkubwa wa msituni. Jike la hondohondo huingia katika pango la mti, kisha mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Humo ndani jike hutaga na kulea, na dume hubaki na wajibu wa kuleta chakula chote. Imekadiriwa kwamba dume mmoja aliweza kuleta matunda 24,000 katika safari 1,600 kwa muda wa siku 120. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa mtu kupita msituni na darubini mara moja kwa juma. Hupatikana kwa mtu kuketi chini ya mti, mvua ikinyesha na siafu wakipita, siku nenda siku rudi.

Mwaka 1944 Moreau alitoa makala maarufu juu ya idadi ya mayai ambayo ndege wa Afrika hutaga. Alionyesha kwamba ndege wa karibu na ikweta hutaga mayai machache kuliko jamaa zao wanaoishi mbali na ikweta. Kwa nini? Swali hilo lilizua mjadala mkubwa kati ya wataalamu wa Ulaya, nao haujaisha hata leo. Mwaka 1946 Moreau alirudi Uingereza, akawa mhariri wa jarida la Ibis hadi mwaka 1960, akaandika vitabu vikubwa juu ya ndege wa bara letu, na akafariki mwaka 1970.

Basi tuulize: nani aliongoza utafiti wa Amani? Kama kuongoza ni kuuliza swali na kulijibu kwa maandishi, aliyeongoza ni Moreau, wala hatuna haja ya kumnyang'anya sifa yake. Lakini kama kuongoza ni kumtangulia mwenzio njiani na kumwonyesha kitu ambacho hajakiona, basi Salimu Asmani na wenzake waliongoza kila siku. Tatizo ni kwamba ukoloni ulikuwa na neno kwa kazi ya kwanza, na kwa kazi ya pili ulikuwa na mshahara mdogo tu. Mwanahistoria Nancy Jacobs, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 2016, ameeleza kwa kirefu jinsi elimu ya ndege wa Afrika ilivyojengwa na wageni na wenyeji kwa pamoja, katika uhusiano uliokuwa wa karibu sana lakini usio na usawa.

Majina ya Ndege na Majina ya Watu

Ukosefu huo wa usawa unaonekana wazi katika majina. Mwaka 1931 alielezwa kwa mara ya kwanza ndege mdogo wa msituni mwenye domo refu, aliyepatikana Amani. Jina alilopewa na wataalamu ni moreaui. Mwaka 1938 alielezwa ndege mwingine kutoka milima ya Uluguru. Huyu aliitwa winifredae, kwa heshima ya mke wa Moreau. Chozi mmoja wa Uluguru alikuwa amekwisha kuitwa loveridgei mwaka 1922, kwa heshima ya Arthur Loveridge, Mwingereza mwingine aliyekusanya wanyama katika nchi hii. Ndege hawa ni wa milima yetu. Majina yao ni orodha ya wageni wetu.

Hata hivyo, liko jina moja linalotufundisha jambo. Katika nchi ya Nyasa, ambayo leo ni Malawi, alikuwako mtu aliyeitwa Jali Makawa. Tangu miaka ya 1930 alifanya kazi na Mwingereza Constantine Benson, na sifa yake ya kutambua ndege kwa sauti ilienea kwa wataalamu wote wa kusini mwa Afrika. Makawa alikwenda hadi uwanda wa juu wa Njesi, kaskazini ya Msumbiji, na kutoka huko alileta ndege ambaye Benson alimweleza mwaka 1945. Alikuwa ni ndugu wa yule ndege wa domo refu wa Amani! Kati ya Amani na Njesi pana umbali wa zaidi ya kilomita 800, na katikati yake ndege huyo hajulikani kuwapo. Basi aina moja ya ndege adimu ilifahamika katika ncha zake mbili kwa kazi ya wakusanyaji wa Kiafrika, nayo inaendelea kubeba jina la mkutubi wa Amani.

Mwaka 1964 Makawa alipata ndege mwingine huko Mayau, kaskazini magharibi ya Zambia. Alikuwa ni kitororo mdogo mwenye kifua cheupe, ambaye hakufanana na kitororo yeyote aliyejulikana. Mwaka uliofuata Benson na mwenzake Michael Irwin walimpa jina la makawai. Hadi leo kielelezo ni hicho kimoja tu, nacho kimehifadhiwa Uingereza. Uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umetia shaka kama kweli ni aina ya peke yake au ni kitororo wa kawaida aliyetofautiana na wenziwe kwa rangi. Kama shaka hiyo ni sahihi, jina la Makawa huenda likafutwa katika orodha ya ndege wa dunia. Hatulaumu vinasaba, elimu lazima iende inakoongozwa na ukweli. Tunasema tu kwamba heshima ya mtu kama huyu isingepaswa kuning'inia juu ya manyoya ya ndege mmoja.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipokaribia, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko juu ya wanyamapori katika mkutano uliofanyika Arusha mwezi Septemba 1961. Tamko hilo, ambalo msomaji asilichanganye na Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilisema kwamba wanyama na makao yao ni amana iliyo mikononi mwetu, na kwamba kuwahifadhi kunahitaji watu waliofunzwa, utaalamu na fedha, mambo ambayo mataifa mengine yaliombwa kusaidia. Mwaka 1963 kilifunguliwa chuo cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, ili Waafrika wafunzwe kazi ya kuwatunza wanyamapori wao wenyewe.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini macho ya wengi yalielekea nyikani, kwa tembo, simba na nyumbu, ambao huwavuta watalii. Ndege mdogo wa kijivu anayejificha chini ya vichaka vya Usambara hakumvuta mtalii yeyote. Kwa hiyo, wakati ulinzi wa mbuga ulipokuwa ukiingia mikononi mwa wananchi, utafiti wa ndege wa misitu uliendelea kwa muda kuwa kazi ya wachache, wengi wao wageni wa msimu mmoja. Walikuja, wakakaa miezi michache, wakaondoka na daftari zao.

Pamoja na hayo, kazi yao ilikuwa na faida. Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege, lililoundwa London mwaka 1922 na ambalo tangu miaka ya 1990 linaitwa BirdLife International, lilichapisha mwaka 1985 kitabu kikubwa cha Nigel Collar na Simon Stuart juu ya ndege wa Afrika walio hatarini. Stuart mwenyewe alikuwa amewachunguza ndege wa Usambara. Kwa kitabu hicho dunia ilitambua kwamba Usambara, Uluguru na Udzungwa ni miongoni mwa sehemu zenye ndege wasiopatikana penginepo popote. Mwaka 1988 kikaundwa hapa nchini chama cha kuhifadhi wanyamapori Tanzania, nacho baadaye kikawa mwenza wa shirika hilo la kimataifa. Sasa utafiti ulikuwa na nyumba yake ndani ya nchi.

Miguu ya Kwale katika Sufuria

Tukio moja la mwaka 1991 linafaa kukumbukwa na kila anayejiita kiongozi wa utafiti. Wataalamu kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya Udzungwa. Katika sufuria ya mchuzi waliona miguu miwili ya ndege ambayo hawakuitambua. Walipofuatilia, waligundua kwale ambaye elimu ya vitabu haikuwa na habari zake hata kidogo. Mwaka 1994 walimweleza rasmi kwa jina la Xenoperdix udzungwensis. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba jamaa zake wa karibu hawako Afrika; wako katika milima ya Asia. Maana yake ni kwamba misitu yetu imeendelea kuwapo tangu zama za kale mno, hata ikawahifadhi viumbe ambao jamaa zao walikwisha kutoweka katika nchi zote zilizo katikati.

Gazeti litaandika kwamba ndege huyo aligunduliwa mwaka 1991. Lakini aliyemtia sufuriani alimwona kabla ya mtaalamu, na kwa hakika hakumwona kuwa ni muujiza. Alimwona kuwa ni kitoweo. Kati ya mapishi na maandishi palikuwa na pengo, na pengo hilo halikuwa la akili bali la mazungumzo. Hakuna mtu aliyekuwa ameketi na wategaji wa Udzungwa na kuwauliza kwa utaratibu: kwale mnaowajua ni wa aina ngapi, nao mnawaita nani?

Miaka michache baadaye kwale wa jamii hiyo alipatikana pia katika milima ya Rubeho. Makala yaliyotangaza habari hiyo mwaka 2003 yaliandikwa na Jon Fjeldså wa Denmark pamoja na Jacob Kiure. Safari hii jina la Mtanzania halikuwa chini, katika shukrani. Lilikuwa juu, mahali pa mwandishi. Mwaka huo huo Norbert Cordeiro, mwanasayansi wa Kitanzania, alitoa pamoja na Henry Howe matokeo ya uchunguzi wao wa Usambara ya Mashariki. Walionyesha kwamba msitu ukikatwa-katwa vipande vidogo, ndege wanaokula matunda hupungua, mbegu hazisambazwi, na miche ya mti unaowategemea hupungua pia. Yaani ndege akiondoka, mti nao unamfuata pole pole. Hii ndiyo maana ya methali isemayo bandu bandu huisha gogo.

Kuongoza Utafiti ni Kazi Gani?

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba mkuu wa utafiti wa ndege katika chama cha hifadhi ni mtu anayetembea na darubini akifurahia nyimbo za asubuhi. La! Kazi yake ya kwanza ni kuchagua mahali. Nchi ni kubwa na fedha ni chache. Hawezi kulinda kila kichaka. Kwa hiyo vyama hivi hutumia vipimo vinavyokubaliwa na mataifa yote: je, pana ndege walio katika hatari ya kutoweka? Je, pana ndege ambao makao yao yote duniani hayazidi kilomita za mraba 50,000? Je, pana ndege wa ukanda mmoja wa mimea, au makundi makubwa yanayokusanyika? Kwa vipimo hivyo, ndugu zetu wa Kenya walitoa mwaka 1999 orodha ya maeneo 60 muhimu kwa ndege, na Tanzania ikatoa yake mwaka 2002, yenye maeneo 80.

Kazi ya pili ni kuhesabu kwa namna moja kila mara. Alfajiri mchunguzi husimama mahali palipowekwa alama, akasikiliza kwa dakika zilizopangwa, akaandika kila sauti. Mahali pengine hutandikwa nyavu nyembamba zisizoonekana kwa urahisi. Ndege akinaswa hupimwa uzito, huvishwa mguuni pete yenye namba, kisha huachwa aende zake. Akinaswa tena mwaka ujao, pete husema aliishi. Katika Usambara kazi hii ya nyavu iliyoanzishwa na William Newmark wa Marekani mwaka 1987 iliendelezwa miaka mingi, na kwa sababu ya miaka hiyo mingi iliwezekana kuonyesha jinsi ndege wa chini ya msitu wanavyotoweka katika vipande vidogo. Nyavu za namna hiyo haziwezi kuhudumiwa na mgeni wa msimu mmoja. Huhitaji mikono ya watu wanaoishi hapo hapo, wanaojua kumtoa ndege wavuni bila kumvunja ubawa.

Kazi ya tatu ni kusubiri, na kutokata tamaa. Kuna ndege mmoja wa jamii ya minana, wasukao viota, ambaye anapatikana katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, na hapatikani penginepo duniani. Wataalamu walimweleza mwaka 1913. Kwa muda wa miaka mia moja hakuna kitabu kilichoweza kusema anajenga wapi kiota chake. Hatimaye mwaka 2013 viota vilipatikana katika kinamasi cha msitu wa Dakatcha, si katika msitu maarufu wa Arabuko-Sokoke ambako watu wengi walikuwa wakimtazama. Jibu hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu Arabuko-Sokoke ulikwisha kulindwa kwa sheria, lakini Dakatcha ulikuwa ardhi ya wanavijiji, wakata mkaa na wakulima. Bila ridhaa yao kiota hakina usalama.

Kazi ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, nayo ni kumwambia mtu ukweli unaomgharimu. Huko Usambara ya Mashariki uchunguzi ulionyesha kwamba vipande vya msitu havina budi kuunganishwa ili ndege na wanyama wapate kupita. Ushoroba wa Derema ulikusudiwa kuwa daraja hilo. Lakini chini ya miti ya Derema palikuwa na mashamba ya iliki, na iliki ilikuwa ada ya shule, dawa na paa la bati. Wakulima walitakiwa kuondoka kwa fidia, na fidia hiyo ilizusha malalamiko ya muda mrefu. Hapo ndipo tunapoona kwamba daftari ya ndege si kitu cha anasa. Mstari unaochorwa kwenye ramani kwa sababu ya ndege hupita katika shamba la mtu. Anayeongoza utafiti na asijue jina la mwenye shamba hilo hajamaliza utafiti wake.

Hitimisho

Tumeona jinsi uongozi wa utafiti wa ndege ulivyosafiri: kutoka kwa mrina asali asiyeandikwa, kwa mkutubi wa Amani na Salimu Asmani, kwa Jali Makawa wa Nyasa, hadi kwa Watanzania na Wakenya walio wakuu wa utafiti katika vyama vya nchi zao wenyewe. Safari hiyo ni ushindi, wala tusiudharau. Hata hivyo, hatari mpya imejitokeza. Msomi wa leo, aliyezaliwa hapa hapa na kusoma hapa hapa, anaweza kumfanyia mtegaji wa kwale yale yale ambayo mkoloni alimfanyia Salimu Asmani: akamtumia macho yake, kisha akasahau jina lake. Kubadilika kwa rangi ya kiongozi si kubadilika kwa uongozi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, nayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila chama cha hifadhi kiandike majina ya wenyeji walioongoza watafiti wake msituni, na majina hayo yawekwe penye majina ya waandishi pale ambapo kazi yao inastahili. Pili, majina ya ndege katika Kisambaa, Kiluguru, Kihehe, Kigiriama na lugha zetu nyingine yakusanywe kabla wazee wanaoyajua hawajatutoka, kisha Kiswahili kiyatumie kuwapa majina ndege ambao hadi leo wanajulikana kwa Kilatini tu. Tatu, matokeo ya kila utafiti yarudi kijijini kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mkutano, na wenye mashamba wapewe nafasi ya kuyajibu kabla mstari haujachorwa kwenye ramani.

Mrina asali wa Kiyao akiona nyuki humwachia mlembe sehemu ya nta. Haoni kwamba ni sadaka. Anajua kwamba kesho atamhitaji tena. Utafiti wa ndege katika misitu yetu ulianza kwa mtu aliyetangulia njiani na mwingine aliyemfuata. Tukimtaja aliyetangulia na kumpa haki yake, msafara huu utakuwa na njia ya kuendelea, na ndege watakuwa na msitu wa kurudi.